Mutoto na Siku ya Kesho: Habari ya Vipimo Katika Katanga



Kuna neno moja tunalisikia tangu zamani: « Watu wa kwetu hawawazi kesho. » Wazungu wengine walilisema kwa dharau, wengine kwa huruma. Leo sisi wenyewe tunalisema: mwalimu juu ya wanafunzi wake, padri juu ya wakristu wake, muzazi juu ya watoto wake. Mimi pia nililiandika siku moja katika karatasi ya kijana aliyeomba nafasi katika masomo fulani, na neno lile lilimufungia mulango. Tangu siku ile nimetafuta kujua neno hili lilitoka wapi.

Nimeona kwamba sehemu kubwa ya habari yake ilipita hapa kwetu, katika muji wa Lubumbashi, ulioitwa Elisabethville mpaka 1966. Hapa kampuni kubwa ililea watoto tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Hapa pia wataalamu walikuja na vipimo vyao, wakitaka kujua akili ya watu wetu. Nitaeleza habari hiyo kwa ufupi, kisha nitauliza: wanapopima ginsi mutoto anavyowaza siku zijazo, wanapima kitu gani kwa kweli?

I. KUONA MBELE NI NINI

Mutakatifu Tomaso anafundisha kwamba kuona mbele, ndiyo « providentia » kwa kilatini, ni sehemu ya busara (II-II, q. 49, a. 6). Katika hesabu ileile ameweka kwanza kumbukumbu (a. 1). Na Mutakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu, alieleza katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake kwamba mambo yaliyopita yanakaa ndani ya roho kwa njia ya kumbukumbu, na mambo yajayo yanakaa ndani yake kwa njia ya matazamio.

Wenye elimu ya psikolojia wa siku hizi hawako mbali na wazee hao. Wanasema kumbukumbu na kuona mbele ni kama mapacha: vinakua pamoja katika mutoto, zaidi kati ya miaka 3 na 5. Ndugu Thomas Suddendorf na wenzake, katika inchi ya Australia, walitoa habari ya jaribio lao katika 2011. Mutoto anaonyeshwa sanduku lililofungwa, bila kuwa na ufunguo wake. Anapelekwa katika chumba kingine kucheza. Dakika 15 zikipita, anawekewa vitu mbalimbali mbele yake, na kati yao ufunguo unaofaa. Anaambiwa achague kimoja cha kurudi nacho. Watoto wa miaka 4 wanachagua ufunguo. Wale wa miaka 3 wanachagua ovyo.

Tena kuna jaribio la bomba lenye mdomo mumoja juu na midomo miwili chini. Mupira mudogo unaangushwa, na mutoto anapaswa kuudaka. Mutoto wa miaka 2 anaweka mukono chini ya mdomo mumoja tu. Wa miaka 4 anaweka mikono yote miwili, kwa kuwa amefahamu kwamba kesho inaweza kuwa na njia mbili. Jaribio hili lilifanywa katika muji wa Brisbane, na kwa watoto wa wenyeji wa kale wa Australia, na kwa watoto wa Wasani wa Afrika ya Kusini. Majibu yalitolewa katika 2019: watoto wa pande zote tatu walikua kwa namna ileile. Mutoto wa Kiafrika hakupungukiwa kitu.

Basi tushike tofauti hii, maana itatuongoza mpaka mwisho. Kuwaza kesho kuna mambo mawili. La kwanza ni kuona ndani ya akili jambo ambalo halijafika. Hilo Mungu amelipa kila mutoto, nalo linakuja kwa kukua. La pili ni kukubali kuacha kitu cha leo juu ya kitu cha kesho. Hilo la pili linataka akili, lakini linataka pia tumaini: kwamba kitu cha kesho kitafika kweli, na kwamba yule aliyekiahidi ni mutu wa neno lake.

II. KAMPUNI ILIYOWAZA KWA AJILI YA WOTE

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa tarehe 28 Oktoba 1906. Mwanzoni iliajiri wanaume peke yao, kwa miezi michache, nao walitoka mbali: Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, hata Ruanda-Urundi. Wengi waliugua, wengi walikufa, wengi walikimbia. Kwa hiyo, tangu 1927 na 1928, kampuni iligeuza mupango wake: ikaanza kuwapa watu mukataba wa miaka mitatu, na kuwaacha wakae kambini pamoja na bibi na watoto.

Tangu hapo mutoto wa kambi akawa kama mutoto wa kampuni. Alizaliwa katika hospitali yake, akapimwa uzito kwenye mizani yake, akanywa maziwa yake. Alisoma katika masomo ambayo kampuni ilikabidhi kwa wamisionari Wabenedikto, waliofika Katanga katika 1910 pamoja na Dom Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa nyuma yake Vikario wa Papa hata kufa kwake katika 1958. Kila juma posho iligawanywa kwa kadiri ya hesabu ya watu wa nyumba. Munganga Léopold Mottoulle, aliyeongoza kazi hiyo miaka mingi, alieleza siasa yote hiyo katika kitabu kilichotoka katika 1946.

Tusiwe watu wasio na shukrani. Vifo vya watoto vilipungua, na wengi walijua kusoma. Lakini tulinganishe nyumba ya kambini na nyumba ya kijijini. Katika vijiji vya Katanga, mama anatundika mahindi ya mbegu juu ya moto, moshi uyalinde na wadudu. Inafika miezi ya mvua, chakula cha zamani kimekwisha na kipya hakijakomaa, watoto wanalia njaa. Na mahindi yale yanaonekana hapo juu ya vichwa vyao. Hakuna anayeyagusa. Mutoto wa miaka 5 anajua kwa nini, ijapokuwa hakuna mwalimu aliyemufundisha. Kila siku anapoinua macho, anaona mwaka ujao umetundikwa katika moshi.

Kambini hakukuwa na mbegu juu ya moto. Posho ya juma hili ilikwisha, posho ya juma lijalo ilikuja. Baba hakuchagua nyumba, mama hakupanga ghala. Na mufanyakazi alipomaliza kazi yake, ilimupasa kuiacha nyumba ile, kwa kuwa haikuwa yake. Kampuni iliona mbele kwa ajili ya wote. Basi yule aliyekaa ndani yake alizoezwa kupokea, hakuzoezwa kuweka akiba. Mwanahistoria wetu Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa katika 2001 kitabu juu ya jamaa hizo za wafanyakazi, akawaita tangu jina la kitabu « Bana Shaba » walioachwa na baba yao. Baba huyo ndiye kampuni.

III. WAPIMAJI WA ELISABETHVILLE

Nyuma ya vita ya 1940-1945, wazungu wa Katanga walianza kuuliza kwa bidii: mutu huyu mweusi anawaza namna gani? Katika 1945 kitabu cha Padri Placide Tempels juu ya filosofia ya Wabantu kilitoka kwa kifaransa hapa Elisabethville. Katika 1946 ilianzishwa CEPSI, shirika la kuchunguza mambo ya maisha ya wenyeji. Na katika miaka ya 1950 Union Minière ilikuwa na nyumba yake ya psikolojia na ya malezi. Huko walifanya kazi Bwana Paul Verhaegen na Bwana Jean-Louis Laroche. Kusudi lilikuwa wazi: kujua ni nani anayefaa kwa masomo fulani, ni nani kwa ufundi, ni nani kwa mashini.

Kipimo kilichojulikana zaidi ni kile kinachoitwa Matrix 38, kilichotungwa na Mwingereza Raven katika 1938. Ni michoro iliyopungukiwa kipande kimoja. Anayepimwa anatafuta kipande kinachofaa. Bwana André Ombredane, profesa wa Brussels, alipima watu wetu kwa michoro ya namna hiyo. Kwa Waasalampasu wa Kasai yeye na wenzake walifanya jambo la busara: waliwapima watu walewale mara tatu. Hesabu zao zilipanda, na zile za mara ya tatu zilipatana zaidi na alama nyingine za akili yao kuliko zile za mara ya kwanza. Ndiyo kusema, siku ya kwanza walikuwa wamepima sana ugeni: ugeni wa karatasi, ugeni wa mupimaji, ugeni wa mchezo wenyewe.

Ombredane alitengeneza pia kipimo cha picha, akatoa habari yake katika 1954. Picha zilionyesha watu weusi katika mambo ya maisha. Kwa desturi ya vipimo vya aina hii, mutu anaombwa kutunga hadisi: kunafanyika nini, kabla yake kulikuwa nini, na mwisho wake utakuwa nini. Hapo ndipo wapimaji walipogusa siku za kesho. Watu wazima ndio waliopimwa zaidi kwa picha hizo. Lakini tukitaka kuuliza mutoto habari za kesho, mitego ni ileile. Ninataja miwili.

Mutego wa kwanza ni lugha. Kwa lingala neno « lobi » ni jana, tena ni kesho. Kwa tshiluba « makelela » ni vilevile. Mutu asiyejua lugha atasema: « Tazama, hawatofautishi jana na kesho. » Lakini mwenye lugha hakosi hata mara moja, kwa sababu kitenzi kinamwonyesha wakati. Mutoto anayefasiriwa vibaya anaonekana mupumbavu, kumbe mufasiri ndiye aliyekosa.

Mutego wa pili ni mupimaji mwenyewe. Yule aliyeuliza « Mwisho wake utakuwa nini? » alikuwa muzungu, pengine mwenye neno katika kazi ya mutu huyu na masomo ya watoto wake. Mbele ya mukubwa kama huyo, mutu wa busara anasema maneno machache. Akinyamaza juu ya kesho, tusiseme haraka kwamba hana kesho moyoni. Pengine anailinda.

Hata sisi Waafrika tuliingia katika mazungumzo hayo. Katika 1969 Mkenya John Mbiti, padri wa Kanisa la Anglikani, alichukua maneno mawili ya kiswahili, « Sasa » na « Zamani », akafundisha kwamba katika mawazo ya asili ya Kiafrika siku zijazo zilizo mbali karibu hazipo. Wengi walimupinga, na ubishi ule haujaisha. Mimi ningependa tu kumwonyesha yale mahindi juu ya moto. Ni kweli, hayafiki miaka mia. Lakini ni kesho inayolindwa kwa njaa ya leo, na hiyo ndiyo busara anayosema Mutakatifu Tomaso.

IV. PIPI YA TRINIDAD NA VITUMBULA VYA KAMERUNI

Wakati Elisabethville ilipopima watu kwa michoro na picha, kijana wa Amerika, Walter Mischel, alikuwa katika kisiwa cha Trinidad. Alisikia huko neno lile tunalolijua: kwamba weusi wanakula yote leo, na Wahindi peke yao wanaweka akiba. Hakutosheka na masemi. Aliwaendea watoto wa miaka 7 mpaka 9, akawachagulisha: pipi ndogo leo, ao pipi kubwa juma lijalo? Katika 1958 alitoa majibu. Kulikuwa na tofauti kati ya makabila mawili. Lakini aliona pia kwamba watoto ambao baba hakai nyumbani ndio waliopenda zaidi kuchukua leo. Basi akaanza kuuliza juu ya tumaini: mutoto atangoje namna gani, ikiwa mutu mukubwa hakuzoea kurudi?

Kisha Mischel alifanya katika chuo cha Stanford jaribio lililojulikana duniani pote: mutoto wa miaka 4 hivi anaachwa peke yake mbele ya tamutamu moja, akingoja mpaka mukubwa arudi, atapata mbili. Watu walianza kuamini kwamba anayengoja atafaulu katika maisha, na asiyengoja atashindwa. Lakini katika 2018 wataalamu wengine wa Amerika walichunguza watoto zaidi ya 900. Nguvu ya neno hilo ilipungua nusu. Na walipohesabu pia hali ya jamaa za watoto, ilibaki kidogo sana.

Majaribio mawili mengine yanatuhusu zaidi. La kwanza lilitolewa katika 2013 na Celeste Kidd na wenzake, katika muji wa Rochester. Kabla ya kuwapima watoto 28, waliwagawanya makundi mawili. Kundi moja waliahidiwa vitu vizuri vya kuchorea, wakavipata. Kundi jingine waliahidiwa vilevile, kisha wakaambiwa: « Pole, havipo. » Ndipo wakawekewa tamutamu. Wale waliopata walichoahidiwa walingoja karibu dakika 12; wale waliodanganywa walingoja dakika 3 tu. Watoto walikuwa sawa kwa akili na kwa umri. Kilichogeuka ni neno la mutu mukubwa.

La pili ni la Afrika. Bettina Lamm na wenzake walipima watoto wa miaka 4 wa kabila la Wanso, katika Kameruni, na watoto wa Ujeremani. Wanso waliwekewa vitumbula vya kwao. Katika Wajeremani wachache tu, karibu 3 kwa 10, ndio waliongoja mpaka mwisho. Katika Wanso, karibu 7 kwa 10. Tena walingoja kwa utulivu, bila kulia wala kuzungukazunguka. Hao ni watoto wa walimaji, wanaolelewa tangu uchanga kutulia na kusikia wakubwa. Basi lile neno la « watu wa kwetu hawawazi kesho » liende wapi?

V. KATANGA ILIPOPIMWA TENA

Sasa turudi nyumbani, maana nyuma ya uhuru sisi sote tulitiwa katika jaribio kama lile la Rochester. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba ni jaribio.

Union Minière ilitwaliwa na Serikali katika 1967, ikawa nyuma yake Gécamines. Nyumba, posho na masomo viliendelea kwa muda. Mwisho wa 1979, siku za Noeli, Serikali ya Zaïre ilitangaza kwamba noti za zaïre 5 na 10 hazina nguvu tena. Muda wa kuzibadilisha ulikuwa mufupi, tena kwa kipimo. Aliyekuwa amejinyima miaka mingi na kuficha akiba yake sandukuni, aliona imegeuka karatasi. Katika 1993 ilitoka zaïre mupya: moja yake ilikuwa sawa na milioni 3 za zamani. Wazee walitufundisha kwamba akiba haiozi. Watoto wa miaka ile waliiona ikioza machoni pao.

Kisha Gécamines ikadhoofika. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mushahara. Katika 2003, kwa musaada wa Benki ya Dunia, zaidi ya watu 10,000 walitolewa kazini kwa mupango ulioitwa wa kuondoka kwa kupenda, wakapewa franga za mara moja. Wengi wao walikuwa watoto na wajukuu wa kambi, waliozaliwa katika hospitali ya kampuni. Wengine walinunua motokari, wengine walifungua duka, na kwa muda mufupi mali ilikwisha. Watu waliwacheka: « Tazameni, hawawazi kesho. » Lakini ni nani aliyewafundisha? Miaka sabini na zaidi walikatazwa kwa upole kuwaza kesho yao. Na mara mbili waliojaribu kuweka akiba walipoteza yote. Yule anayekula leo kwa sababu jana akiba yake ilioza, huyo si mutu asiye na akili. Amejifunza somo ambalo sisi wakubwa tulimufundisha.

VI. MAFUNDISHO KWETU

Niwaeleze jambo dogo. Nyuma ya kusoma habari za Wanso, nilitaka kujaribu kwa watoto wa katekisimu katika paroki moja ya Katuba. Nilinunua vitumbula, nikamwambia kila mutoto: « Chukua kimoja sasa, ao ngoja mpaka nirudi kutoka Misa ya pili, utapata viwili. » Wengi walingoja. Kijana mumoja mudogo alichukua palepale akala. Nilimuuliza kwa nini. Akajibu bila woga: « Padri, siku ya Mungu iliyopita ulisema utatuletea picha za watakatifu. Haukuleta. »

Nilinyamaza. Ilikuwa kweli, nilikuwa nimesahau. Mutoto yule alikuwa na kumbukumbu nzuri, na kwa kumbukumbu ile aliona mbele vizuri kuliko mimi. Nilidhani ninamupima, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amenipima, tena tangu juma zima.

Kwa hiyo, wandugu, ninaona mambo matatu.

1. Tusiandike tena katika karatasi ya mutoto neno « hawazi kesho » bila kuuliza kwanza: anakaa kwa nani? Ni ahadi gani alizoahidiwa, na ngapi alizipata?

2. Wakati tunapofundisha juu ya Yozefu aliyekusanya ngano ya miaka saba katika Misri, ao juu ya mutu anayehesabu gharama kabla ya kujenga munara, tuwape watoto pia kitu cha kushika mikononi: bustani ya masomo, mbegu ya kulinda, sanduku la akiba ambalo hesabu yake inasomwa mbele yao kila mwezi. Na tukieleza neno la Bwana Yezu la kutosumbukia kesho, tuonyeshe kwamba halifundishi uvivu. Linafundisha kumutumainia Baba asiyesahau.

3. Tulinde neno letu. Katekista akisema saa 9, awe pale saa 9. Padri akiahidi picha, alete picha. Hili linaonekana jambo dogo, lakini mutoto anajenga kesho yake juu yake.

Yule kijana niliyemuandikia neno baya, nilikwenda kumutafuta. Baba yake alikuwa mumoja wa wale walioondoka Gécamines katika 2003; alikuwa amemwahidi masomo, naye alikufa kabla ya kulipa. Niliandika karatasi nyingine, nikaipeleka mwenyewe. Ilikuwa imechelewa, nafasi ilikuwa imepewa mwingine. Sasa anatengeneza pikipiki kando ya barabara. Nilipoangalia kibanda chake niliona, juu kabisa, mukebe uliofungwa kwa waya. Nikamuuliza ni wa nini.

« Ni franga za masomo ya mudogo wangu, padri », akasema. « Hakuna anayeugusa. »